Mita Nne za Mraba

Hapa Frislandi kila shibiri ina mwenyewe.
Mfereji umenyooka kama mstari wa daftari la hesabu,
ng'ambo yake majani, ng'ambo ya majani mfereji,
na ng'ombe wamesimama kwenye miraba yao
kama wapangaji waliokwisha kulipa.

Hata bahari ilihamishwa, haikuulizwa.
Hata wafu: juzi imekuja barua,
kaburi la Baba limetimiza miaka ishirini,
tulipe tena, ama ampishe mwingine.
Mama ameibana chini ya kopo la kahawa.
"Atangoja," asema. "Alizoea kungoja mvua."

Leo dada yangu Tjitske anakata majani.
Trekta linakwenda, linarudi, linakwenda,
mara linazimika katikati ya shamba.
Anashuka. Anachomeka vijiti viwili.
Mayai manne, rangi ya tope, yasiyo na hati.
Ndege mwenye kishungi anamzomea kutoka juu,
anajitupa, anapaa, anajitupa tena,
mama asiye na kodi wala anwani.

Tjitske anakata kona usukani.
Nyuma yake kinabaki kichaka kimoja kirefu,
mita nne za mraba, nimezipima kwa hatua,
ndani ya hekta hamsini na tisa.

Usiku najaza fomu ya matumizi ya ardhi:
malisho, malisho, mfereji, njia, malisho.
Kwa zile nne sikuona kisanduku.
Nje, gizani, bado anazomea.