Kitufe cha Pili

Daktari wa Makole alinigeuza viganja
kama mnunuzi wa karanga anayekagua gunia,
akabonyeza hapa, akabonyeza pale.
"Ganzi huanza saa ngapi?"
Saa tisa, nikasema,
nikishafika ukurasa wa arobaini
wa mihutasari ya vikao nisivyoalikwa.

Nikanunua kibodi hii iliyopasuka katikati
kama tikiti lililoangukia lami,
nusu imeelekea kushoto, nusu kulia,
ina nundu kama fahali wa Kigogo.
Fundi Chilewa wa Barabara ya Nane
akaipuliza vumbi, akasema, haina waya, dada,
ni mbuzi aliyekatiwa kamba.
Bonyeza moja, unaandika kwenye kompyuta ya ofisi.
Mbili, simu yako.
Tatu, utajua mwenyewe.

Wiki ya kwanza herufi B ilinipotea.
Mkono wa kulia ulikuwa umeizoea,
kumbe sasa iko ng'ambo, kwa mkono wa kushoto,
kama jirani aliyehamia Nzuguni bila kuaga.
Niliandika *arua*. Niliandika *unge la Ajeti*.
Bwana Mhawi akaniita, akafunga mlango,
akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka.
Hawakusema lolote kuhusu matatu.

Alhamisi ile upepo wa Mtumba
ulikuwa unarusha mchanga kwenye vioo,
ripoti ya visima inasubiriwa saa nane,
na mama, kule Mvumi, ananiandikia
kwamba bati limeng'oka, anauza beberu.
Nikabonyeza mbili. Yaani, nilidhani ni mbili.
Vidole vikakimbia bila mimi.

Ndivyo ripoti ya Serikali ilivyosomeka:
*Visima vilivyochimbwa ni kumi na viwili,
mama usimuuze yule mweupe nitatuma hela Jumamosi,
vinne kati ya hivyo havitoi maji.*

Na mama, aliyekuwa akipepeta uwele,
akapokea: *Kwa mujibu wa kifungu cha nne,
mzabuni atarejesha fedha zote ndani ya siku thelathini.*
Akapiga simu papo hapo, pumzi juu.
"Mzabuni ndiye nani? Mimi sina deni la mtu.
Kama ni yule wa mizabibu, nilimlipa mbele ya mchungaji!"

Bwana Mhawi aliirudisha ripoti jioni.
Mstari ule ameukata kwa wino mwekundu, vizuri, kwa rula.
Pembeni, kwa mwandiko mdogo:
*Mnadani Msalato mweupe anafika laki na nusu. Asubiri.*

Viganja vyangu vinapona. Saa tisa inapita
na mimi bado nazihisi ncha za vidole.
Ila usiku mwingine nawaza:
kuna mtu alikaa mahali, akapima viwiko vya watu asiowajua,
akakipinda kipande hiki cha plastiki kifuate mifupa yangu.
Mpini wa jembe la mama haukupindwa na mtu.
Ni mama aliyepinda.

Alikuja mwezi wa sita kuona kazi yangu,
kanga begani, karanga kwenye ndoo.
Nikamwekea kibodi mapajani.
Mikono yake, ambayo hainyooki tena,
ikatua juu ya nundu, kila mmoja upande wake,
ikatulia kama imefika kwake.
Akabonyeza mara moja tu, kwa kidole cha kushoto,
akasahau kukiinua.

*bbbbbbbbbbbbbb*

"Mama, umeipata B!"
"Kwani ilikuwa imepotea?"

Nikatazama taa. Ilikuwa inawaka moja.
Bwana Mhawi atauliza kesho.
Nami haya nimeyaandika kwa kitufe cha tatu,
kwenye kile kishikwambi cha kioo kilichopasuka,
ambacho hakuna anayenisubiri.