Kifaa Namba Kumi na Saba

Tangazo lilibandikwa kwenye duka la mikate, Covilhã,
mji wa sufu:
kila nyumba ilete kitu kimoja,
makumbusho yatakitunza mwezi mzima.

Deolinda akaleta mkasi.
Si wa fedha, si wa mfalme;
mkasi wa kiwandani, mpini umeliwa na dole gumba
miaka thelathini na minne.

Valdemar wa mapokezi, kalamu mkononi:
"Mwaka?"
Mwaka ule mto ulipobadilika rangi mara tatu kwa siku.
"Umetengenezwa kwa nini?"
Chuma. Na jasho, ukipenda kuandika.
"Vipimo?"
Akaufungua, akaufunga. Kacha, kacha.
Pima hiyo.

Siku ya ufunguzi mvua haikumwogopa mtu,
wala watu hawakuiogopa.
Miavuli ililia sakafuni.
Meya akahutubia, maikrofoni ikakohoa kumshinda.
Watoto wakaambiwa wasiguse, wakagusa.

Mimi ni mlinzi wa chumba cha pili.
Nimewalinda watakatifu, maaskofu, farasi wa mabwana;
sijaona aliyewalilia.
Jioni ile nilimwona mama mmoja mbele ya kioo
akichezesha vidole hewani,
vinakata uzi usiokuwepo,
na nyuma yake wengine wanne, kimya,
vidole vyao vikifuata
zamu ambayo king'ora chake kilishauzwa kama chuma chakavu.

Kanuni yetu: mgeni abaki nyuma ya kamba.

Niliifungua.
Nayo ilikuwa sufu.