Bahasha Tatu

Zimebanwa mlangoni mwa jokofu tangu Desemba,
bahasha tatu chini ya sumaku moja,
na mama kila akipita huzigusa
kama anayejaribu kikaango kama kimeshika moto.

Ya Boston imeandikwa kwa wino ulioinuka:
ukilipapasa jina la chuo, unalisoma hata gizani.
Miaka minne, dola laki nne na themanini elfu,
bila chakula, bila koti la baridi.
Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya samaki:
riba ya siku moja
ni mshahara wangu wa saa nne na ushei
nikishika bomba la kufyonza mate vinywani mwa watu.
Hata Jumapili. Hata Krismasi.
Riba haiendi misa.

Ya Nebraska ni rahisi kwa wenyeji,
nami si mwenyeji.
Niliitoa kwenye hesabu Januari, nikairudisha Februari.

Ya tatu imetoka Sebascott, kule Maine, misonobari mitupu.
Nusu ya bei, na hakuna anayekijua chuo hicho,
hata dereva wa basi aliyenishusha mlangoni pake.
Siku ya usaili kipasha joto kiligoma.
Profesa aliniita Delphine mara mbili; naitwa Delfina.
Lakini nilimwona mwanafunzi wa mwaka wa tatu
amepiga magoti kando ya kiti cha mkata magogo,
jitu zima linalotetemeka kwa sababu ya sindano,
anamtajia kila chombo kwa jina
kabla hakijaingia kinywani.

Boston walinionyesha vichwa vya plastiki arobaini,
safu kwa safu, midomo wazi.
Hakuna hata kimoja kilichoogopa.

Nisidanganye: vilinitamanisha.
Vile viti vipya, zile darubini, ule ukimya wa zulia nene.
Nilijiona mle ndani, tena nilijiona vizuri,
kama mtu ajionavyo kwenye kioo cha duka
asilokuwa na fedha ya kuingia.

Nikamuuliza Daktari Thibodeau, mwajiri wangu,
yeye alimaliza lini kulipa.
Akavua glavu, moja, halafu nyingine.
"Mwaka ule binti yangu alipoachika," akasema,
akaita mgonjwa afuatae.

Mama anataka Boston.
Miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha mapazia, hapa Fall River;
meno yote ya juu yaling'olewa kwa siku moja,
akiwa na miaka thelathini na mmoja,
kwa kuwa kung'oa kulikuwa rahisi kuliko kuziba.
"Jina hilo," anasema, "nitalitaja nje ya kanisa
na Lurdes Pacheco atafunga mdomo wake."
Nikamwambia jino la pembe si dawa ya pengo.
Akanitazama, mwenye pengo lake:
"Si dawa. Lakini picha ya arusi yako
nilicheka nini, wewe, kama si hilo la pembe?"
Sijaolewa. Anaongea hivyo, wakati ujao akiuweka nyuma,
kama deni ambalo mtu keshalilipa.

Mwisho ni leo, saa sita usiku.
Saa tano na dakika arobaini nimetuma arubuni,
dola elfu moja, akiba ya kiangazi kizima,
na mkono wangu haukuwa mtulivu,
mkono huu ambao kesho utataka kuaminiwa na ufizi wa mtu.
Bahasha ya Boston sikuichana.
Nimeitia kwenye droo ya vijiko.

Mama ametoka chumbani na gauni la kulalia,
meno yake yamebaki ndani ya glasi.
Hakuuliza kwa nini. Hakuuliza kiasi gani.
"Kinaitwaje tena, hicho cha misonobari?"
Nikamtajia.
Akajaribu, pumzi ikimponyoka kwenye kila "s".
Akasimama, akashika ukingo wa meza,
akajaribu tena, polepole,
kwa ajili ya Jumapili.