Dakika Saba

Daktari wa shirika, yule anayetupima madereva kila Januari,
alinigonga goti, akaandika, akasema bila kuinua macho:
"Bi Formela, miaka kumi na tisa umeketi.
Mji mzima umetembea, isipokuwa wewe."

Nikajiandikisha kwa hasira.
Nusu marathoni. Aprili. Gdańsk.
Kilomita ishirini na moja, na juu yake mita tisini na saba
ambazo hakuna aliyenieleza ni za nani.

Februari, saa kumi alfajiri, kabla ya zamu,
nilishika njia ya ufukweni kule Brzeźno.
Mchanga umeganda, mgumu kama kigae;
kope zangu zimeganda,
na mbwa mzee, anayechechemea, akanipita.
Dakika moja kukimbia, mbili kutembea.
Wiki ya tatu, mbili kwa moja.
Wiki ya sita ukucha wa kidole gumba ukawa mweusi kama zabibu,
nikauonyesha chumba kizima cha madereva
kana kwamba nimejifungua.

"Jagna, unamkimbia nani?" aliuliza Lubomir.
Sikumjibu. Mdomo ulikuwa umejaa mkate na asali.

Lakini mwendo, huo sikufundishwa na mtu.
Sisi wa tramu tuna dhambi moja kubwa, na si kuchelewa.
Aliyechelewa hulaumu theluji, hulaumu gari lililoegeshwa relini.
Dhambi ni kuondoka kituoni kabla ya wakati:
hapo unamwacha mtu, mkono juu, mfuko wa viazi ukimgonga mguuni,
na huna cha kulaumu ila kiherehere chako.

Basi nikajiwekea ratiba: dakika saba kwa kilomita.
Isizidi. Isipungue.

Na bado, siku yenyewe, bastola ilipolia,
vijana wa mbele wakafumuka kama nyuki,
nami nikafumuka nao.
Matarumbeta! Watu! Mtoto anapiga sufuria kwa mwiko!
Kilomita ya kwanza: dakika tano na sekunde hamsini.
Mpumbavu wee.
Nilikuwa nimeondoka mapema,
na niliyemwacha kituoni ni mimi mwenyewe,
yule wa kilomita ya kumi na nane.

Nikashika breki.
Akanipita bibi mwenye soksi za rangi mbili,
akanipita mwanamume aliyevaa kama ndizi.
Kila aliyepita aliondoka na kipande cha kiburi changu;
sawa, chukueni,
changu kiko kibindoni.
Saba. Saba. Saba na sekunde mbili, darajani. Saba.

Kilomita ya kumi na tano, Wrzeszcz, tunakata relini.
Polisi amesimamisha tramu, na ndani yake ni Lubomir,
abiria wamebandika nyuso kwenye vioo.
Miaka kumi na tisa nimesubiri wengine wapite.
Leo mimi ndiye nitakayeandikwa kwenye daftari lake:
sababu ya kuchelewa.
Akagonga kengele mara mbili, ile ya kuomba njia.
Sikumpa.

Kumi na nane. Yule mwanamke alikuwepo,
paja limekaza, midomo mikavu.
Hatukusemezana. Nilimchukua hivyo hivyo alivyo.
Ndizi alikuwa ameketi kando ya barabara,
ganda limefunguliwa hadi kiunoni.
Mbio za sakafuni, nikawaza, na ukingo ndio ule.

Zile mita tisini na saba nilizilia,
kilio cha pua zaidi kuliko macho.
Saa mbili, dakika ishirini na saba.
Medali ya bati. Chai ya ndimu kwenye kikombe cha karatasi,
nikaimwaga nusu kwa kutetemeka.

Jumatatu nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume.
Kituo cha Oliwa, saa kumi na mbili na dakika nne,
kijana anakuja mbio, koti wazi, kamba ya kiatu inaburura.
Ratiba inasema ondoka.
Nikahesabu sekunde tisa.
Akaingia, akakumbatia nguzo, hakunishukuru, hakuweza.
Alianza kwa kasi mno; nilijua kwa pumzi zake.