Dakika Kumi na Tano Nje ya Geti

Tulikubaliana juzi, kwenye baa ya Ornella,
kura sitini na mbili kwa tatu:
Jumapili hatuingii.
Robo saa ya kwanza tutasimama nje, kimya,
tiketi mfukoni, ngoma zimelala,
ili tajiri aone viti vitupu
na aibu imshike pale aibu inaposhika watu.

Tarcisio aliuliza, ni wapi hapo?
Hakuna aliyejibu.

Basi tuko hapa, Valdorsa, mwezi wa pili,
ukungu umelala juu ya mto kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa.
Kiwanda chake kimefungwa tangu Krismasi,
bango lake bado liko juu ya geti letu:
VIGAE VYA BRUSAFERRO, SAKAFU YA MAISHA.
Sakafu tumeifikia kweli, nafasi ya kumi na nane,
na wanaojua ujenzi wanasema
chini ya sakafu kuna handaki.

Siku aliyonunua timu alibusu skafu mbele ya kamera.
Mwaka wa kwanza akabadili jezi:
kijani chenu, alisema, hakiuziki.
Mwaka wa pili akamuuza Petrit, mfungaji wetu,
usiku wa mwisho wa usajili; habari
tukaipata asubuhi kwa muuza magazeti.
Mwaka wa tatu akatuletea Zanchetta.

Huyu Zanchetta ana koti zuri.
Kila tukifungwa anachana nywele, anakaa mbele ya vinasa sauti:
vijana wamejituma, bahati haikuwa yetu,
tuko kwenye mchakato.
Nne bila, ugenini: mchakato.
Kipa kajifunga kwa kisigino: mchakato.
Siku hizi nikiunguza polenta mume wangu hanuni,
anasema, mchakato, Ivonne, mchakato.

Na Loris, mtoto wa kwetu, wa Mtaa wa Kinu,
miaka kumi na tisa, magoti ya mbuzi,
humtoa kila dakika ya sitini
kama mtu anayezima taa kuokoa umeme.

Dakika ya tatu. Tunasikia mpira ukigongwa,
kipa wao akiita mabeki kwa majina,
vitu tunavyovifunika kila wiki kwa kelele zetu.
Sikujua mpira una sauti ndogo hivyo.

Dakika ya saba. Mbwa wa Tarcisio ananusa ukuta.

Dakika ya tisa, kelele.
Si kubwa. Kelele ya wale mia mbili wa jukwaa kuu,
watu wa chupa za chai na blanketi.
Kisha kile kipaza sauti chenye mafua: Loris.

Goli. La kwanza nyumbani tangu Novemba.
Na sisi tunatazamana na ukuta.

Hakuna aliyesogea. Watu sitini na watano
tulichunguza viatu vyetu.
Mama yake alikuwa nasi; yeye ni mmoja wa wale watatu
waliokataa, lakini kura ni kura.
Tarcisio akaweka kiganja kwenye geti,
taratibu, kama unavyopima homa ya mtoto.
"Lilikuwaje?" akamwuliza mlinzi wa ndani.
"Sikuliona," mlinzi akasema. "Nilikuwa nawaangalia ninyi."

Robo saa ilipotimia tukaingia,
tukatazama juu, jukwaa la heshima,
tuone ameumia kiasi gani.
Kitini palikuwa na blanketi lililokunjwa,
bado lina kikaratasi cha dobi.
Tulimsusia mtu aliyekwisha kutususia.

Tukafungwa matatu, bila haraka.
Dakika ya sitini Loris akatolewa.
Zanchetta akachana nywele.

Usiku nikapita Mtaa wa Kinu, taa inawaka, nikagonga.
Meza walikuwa wameisukumia ukutani.
Juu ya vigae vya Brusaferro, jikoni,
kwa soksi iliyokunjwa,
Loris alikuwa anamwonyesha mama yake.
Wakanisogezea kiti.
"Anza tena," mama akasema,
na kijana akarudi mlangoni na soksi yake.