Meno Arobaini na Matatu

Réjean amebandika utepe mweusi kwenye dashibodi,
kipande cha mraba, kama plasta juu ya jipu.
"Tangu Novemba," anasema, akikung'uta theluji mabegani,
"imenikodolea jicho. Nikaona bora niifumbe."
Nabandua. Taa iko palepale, haijalala,
herufi tatu za rangi ya chungwa ndani ya duara.

Breki zenyewe zashika. Naam, zashika.
Mara tatu kwa wiki ameteremka nazo mlimani
kumpeleka mkewe kusafishwa damu Chicoutimi,
na Subaru haijamtupa mtaroni hata siku moja.
"Basi, Ghislaine, taa inasema uongo?"
Haisemi uongo. Inasema haijui.
Siku utakapokanyaga kwa hofu juu ya barafu
itakuachia mguu wako mwenyewe.

Nachomeka kisomaji chini ya usukani.
Kinatema: gurudumu la nyuma, kushoto, mawasiliano yanakatika.
Mathurin, mwanafunzi wangu, keshafungua katalogi:
"Sensa. Dola themanini na tisa. Kesho asubuhi ipo."
Kijana huyu angekuwa daktari
angekata mguu kwa kosa la kiatu.

Polepole. Jeki kwanza.
Chumvi ya barabara imekula kila kiitwacho chuma;
humwagwa na malori ili sisi tusiteleze,
nayo hujilipa huku chini, gizani, bolti kwa bolti.
Napima sensa: nzima.
Nafuata waya kwa vidole, inchi kwa inchi,
kama anayetafuta uvimbe. Mzima.
Nazungusha gurudumu kwa mkono. Mshale wa mita unacheza,
unacheza, unacheza, unaruka.
Unacheza. Unaruka.
Mahali pamoja, kila mzunguko.

"Leta tochi, Mathurin. Hesabu."
Anapiga magoti kwenye theluji iliyoyeyuka,
anahesabu meno ya pete kwa sauti,
anakosea kwenye ishirini na sita, anaanza upya,
anafika arobaini na matatu, ananyamaza.
Pa jino la mwisho pana kutu iliyoumuka kama mkate
na ufa wa kupitisha ukucha.

Sensa haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa ikihesabu kwa uaminifu
kitu kisichotimia.

Pete mpya, dola kumi na nne. Kazi, mchana kutwa,
maana ya zamani haikutoka ila kwa moto, kwa tindo,
na kwa matusi ya kwetu, ambayo yote tumeyaiba kanisani.

Jioni nalitoa gari nyuma ya uwanja wa hoki,
theluji iliposhindiliwa ikawa kioo.
Kilomita arobaini kwa saa. Nakanyaga mpaka sakafuni.
Pedali inatetemeka chini ya kiatu, tatata, tatata,
gari linasimama limenyooka.
Dashibodi, giza.

Réjean anachungulia dirishani. Haangalii taa.
Anauangalia utepe wake, bado umeninata kidoleni.
"Usiutupe," anasema. "Ile ya injini nayo
imeanza kunitazama."