Swali la Sita, Alama Kumi

Muhibu amekalia gunia tupu,
daftari magotini, kibatari kinamfukizia macho,
anasoma kwa sauti yake ya mtihani:
"Eleza mchango wa kilimo katika uchumi
wa nchi moja ya Amerika ya Kusini."
Mama, nichague ipi?

Mimi nabangua. Vidole nimevipaka majivu,
lakini mafuta ya ganda yameshapita,
yameitafuna ngozi hadi mistari ya dole gumba imefutika.
Juzi mashine ya kuandikisha wakulima ilinikataa mara tatu.
Kijana akaigeuza, akaipuliza, akasema:
Mama, humu hamna mtu.

Chagua Brazili, namwambia.
Anacheka. Wewe Brazili umeijulia wapi?
Pale, nyuma ya choo. Namwonyesha kwa ncha ya kisu.
Ule mkorosho unaokuangushia mabibo kichwani
kwao ni huko. Wareno waliushusha Msumbiji
ukiwa kokwa, ukavuka Ruvuma bila kuulizwa hati,
ukapanda Makonde, ukaukuta mchanga wetu, ukanyamaza, ukaota.
Hata jina ulikuja nalo: kanju.
Sisi tulichoongeza ni m tu.

Kalamu inakimbia. Kisha inasita.
Kitabu kinataja kahawa, mama, na soya, na miwa,
na ng'ombe wengi kuliko watu. Kinataja asilimia.
Asilimia ndiyo nini?
Sehemu katika mia.

Mia yangu naijua.
Naijua tangu Juni, salfa ikinizibia pua,
ubwiriunga ukipaka maua weupe wa sanda.
Naijua tangu usiku ule homa ilipokutingisha, Muhibu,
nikaenda kwa Chipila mlango wa nyuma,
nikamuuzia kangomba bakuli sita
za korosho ambazo bado zilikuwa maua.
Dawa ulipata. Bakuli zake alizijia Oktoba,
na bakuli lake, wallahi, ni karai.

Zilizobaki nilizianika, nikazichagua moja moja,
nikazibeba hadi ghalani Tandahimba.
Karani Kazumari akaitazama mizani kama mtu anayetazama saa,
akatumbukiza mkono guniani,
akatikisa kiganja, akasikiliza.
Zina unyevu, akasema. Daraja la pili.
Nikasema ni jasho langu hilo.
Watu wakacheka, naye akacheka, akaandika daraja la pili.
Kisha yakaja makato, yana majina mazuri yote:
ya chama, ya ghala, ya barabara,
na moja ambalo Kazumari mwenyewe alilisoma mara mbili.
Malori yakateremka Mtwara bandarini.
Redioni mtu mwenye koo safi akasema
korosho imeliingizia taifa fedha nyingi za kigeni.
Nilifurahi. Kweli nilifurahi.
Nilimwambia jirani yangu Nalinga, umesikia? Sisi hao.
Naye alikuwa anakuja kuniazima chumvi.

Mama, nimeandika kahawa, nimeandika ajira.
Niongeze nini? Zimebaki alama tatu.

Uliza kitabu chako kama huko Brazili
saa hizi yupo mwanamke kwenye kigoda,
mwanawe anasoma, kibatari kinafuka,
na mashine zinamkataa.
Hakisemi, mama.
Basi andika wewe. Andika: yupo.
Andika mchango wake ni vidole kumi,
nane ukitoa madole gumba.

Hiyo haina alama, ananiambia, polepole,
kama mtu mzima anayemkatalia mtoto.

Sikumjibu. Nilipasua nyingine, ikatoka nzima,
nyeupe, imejikunja kama kichanga,
nikampa ale, ingawa nzima ndizo za kuuza.
Akatafuna, akiutazama mti nyuma ya choo.
Kisha akainama akaandika mstari mmoja,
kwa penseli,
ili akitaka kesho aufute.